Kichwa kinaniuma, me duele la cabeza: shajara ya Kihispania cha mlimani

30 Machi, Moshi

Masika yameshika. Mlima Kilimanjaro haujaonekana kwa siku nne, barabara ya kwetu Rau imekuwa tope tupu, na kundi langu la mwisho la wageni lilishuka kwa njia ya Mweka wiki mbili zilizopita. Mpaka Juni kazi itakuwa ya kuokoteza. Nimeamua kipindi hiki nikipe shughuli moja: kujifunza jinsi mtu wa Kihispania anavyosema anapoumwa. Kuagiza kahawa, kuuliza njia na kusimulia habari za familia kutasubiri. Nataka maneno ya mgonjwa.

Sababu ninayo. Februari, usiku tuliolala kambi ya Karanga, mgeni wetu mmoja kutoka Hispania, mzee wa miaka sitini na kitu, alinishika mkono akaniambia neno mara tatu huku mkono wa pili uko kifuani. Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Mimi nilidaka "aire" tu, hewa. Mwanawe ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, na alikuwa tenti ya mbali. Mpaka tumwamshe, avae, aje, nilikaa na yule mzee nikiwa sijui kama mbele yangu yupo mtu aliyechoka au mtu ambaye mapafu yanamjaa maji. Kumbe alikuwa amechoka, na baridi imembana. Alifika kilele cha Uhuru kesho kutwa yake akalia kama mtoto. Lakini zile dakika sitaki kuzikaa tena.

Ni mwaka wangu wa sita kama mwongozaji msaidizi. Kihispania nilichonacho leo ni "hola", "vamos" na "poco a poco", ambayo ndiyo pole pole yao.

Lengo nililoandika ukurasa wa kwanza wa daftari: ifikapo mwisho wa Mei niweze kuuliza maswali kumi ya mgonjwa, na nielewe majibu hata yakisemwa na mtu anayetetemeka.

5 Aprili

Leo nimechana kurasa kumi na moja.

Nilianza kama wengi tunavyoanza. Nilipata orodha ya Kiingereza na Kihispania, sentensi 120, nikazikariri safu kwa safu. Kila nilipotaka kusema kitu nilikuwa napita njia ya mzunguko: Kiswahili nakigeuza Kiingereza, Kiingereza nakigeuza Kihispania, na nikifika mwisho nimeshasahau nilitaka kusema nini. Ubaya zaidi, njia hiyo inapotosha. Mwingereza huyafanya maumivu kuwa kitu ambacho mtu anacho, kama mzigo, au huanza na kumiliki: kichwa changu, mguu wangu. Nikawa naunda sentensi za Kihispania zenye "changu" na "wangu" kila mahali.

Usiku nikaandika mistari miwili, mmoja chini ya mwingine, nikaitazama muda mrefu:

Me duele la cabeza.
Kichwa kinaniuma.

Ni sentensi moja! Kwetu kichwa ndicho kinachouma, na mimi ni ile -ni- iliyobanwa ndani ya kitenzi. Kwao cabeza ndiyo inayouma, na mimi ni "me" iliyotangulia. "Changu" haipo kwetu, wala kwao haipo. Kichwa kikiniuma mimi, kitakuwa cha nani mwingine?

Na kitenzi hufuata kiungo, si mtu. Me duele el pie, mguu unaniuma. Me duelen los pies, miguu inaniuma. Wanaojifunza kupitia Kiingereza huhangaika sana na ile "duelen", wanataka kitenzi kimfuate mgonjwa. Sisi tumezaliwa tukijua kwamba miguu ikiuma, kitenzi ni cha miguu.

Halafu nikaona kundi la pili. Tengo sed, nina kiu. Tengo hambre, nina njaa. Tengo sueño, nina usingizi. Tengo fiebre, nina homa. Tengo tos, nina kikohozi. Neno kwa neno. Panapoachana ni kwenye baridi: wao wana baridi, tengo frío, sisi tunaisikia.

Kuanzia leo daftari halina safu ya Kiingereza. Nimefurahi kiasi kwamba nimempigia simu kaka mmoja wa Marangu, mwongozaji mwenzangu, saa nne usiku. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, hiyo ya kichwa kinaniuma na mimi nitaiweza." Sasa tuko wawili.

13 Aprili

Wiki ya kukusanya. Kila nikipata sentensi naiuliza kwanza: Kiswahili chako kiko wapi?

Mikono inanivimba: se me hinchan las manos. Masikio yameniziba: se me han tapado los oídos. Macho yananiingia ukungu: se me nubla la vista. Pua inanitoka damu: me sangra la nariz. Miguu inanitetemeka: me tiemblan las piernas. Hewa inanipungukia: me falta el aire. Hii ya mwisho ndiyo alikuwa akiniambia yule mzee wa Karanga, sasa nina hakika. Nimeiandika kwa wino mwekundu.

Chakula hakikunikaa vizuri: la comida me sentó mal. Kwao pia chakula hukaa, na kinaweza kumkaa mtu vibaya. Niliposoma hii nilisimama jikoni nikamsomea mama, naye akasema, "Basi hao ni watu kama sisi."

Mguu umekufa ganzi: se me ha dormido el pie. Kwao umelala tu, kwetu umekufa. Nimeweka alama hapa, kwa sababu mgeni akisema mguu wake umelala, asiyejua atadhani anaomba kwenda kulala.

Na hormigueo. Linatokana na hormiga, sisimizi: ile hali ya vidole kuchonyota kama vinatembewa na sisimizi. Hili neno ni la kazi yetu kabisa, kwa kuwa wageni wengi hutumia Diamox, vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na dawa hiyo huwatia wengi hali hiyo vidoleni, na kuwapeleka chooni mara kwa mara. Mgeni asiyeambiwa mapema huingiwa na hofu akadhani damu imeacha kutembea. Sentensi ya kumtuliza: "Es por la pastilla, es normal." Ni kwa sababu ya kidonge, ni kawaida. Ila nimeongeza swali la kuulizwa kabla hajaimeza: "¿Es alérgico a las sulfamidas?" Una mzio wa dawa za salfa? Kwa mwanamke, alérgica.

19 Aprili

Nimepata mwalimu. Ni mama muuguzi wa Burgos aliyepanda nasi mwaka juzi. Nilimwandikia nikamweleza ninachofanya, akanijibu kwa sauti siku hiyohiyo. Tumekubaliana kila Jumapili anitumie sauti ishirini fupi za wagonjwa. Anawaigiza yeye, mama yake mwenye miaka zaidi ya themanini, mpwa wake, na jirani aliyetoka Sevilla. Mimi nasikiliza mara mbili tu, naandika nilichoelewa, namrudishia.

Matokeo ya kwanza: 6 kati ya 20.

Aliyenishinda kabisa ni jirani wa Sevilla. Kwenye daftari nimeandika mareado, cansado, resfriado. Yeye anasema mareao, cansao, resfriao, ile d inamezwa, na s za mwisho wa maneno zinapotea hewani. Mama muuguzi amesema nisimlaumu, nusu ya Andalusia wanaongea hivyo, na mtu akiwa mgonjwa ndiyo hutafuna maneno zaidi.

Kisha ameniuliza swali zuri: ninyi kwa Kiswahili mnaumwaje? Nikakaa nikaandika. Kichwa kinawanga. Kichwa kinagonga. Jipu linapwita. Tumbo linasokota. Kichomi kinachoma ubavuni. Kidonda kinawasha. Mwili umenyong'onyea. Nikamweleza kila moja kwa mikono kwenye video, naye akanipa mwenzake. Ya kugonga: me late, au me palpita. Ya kuwasha: me pica. Ya kichomi: una punzada, un pinchazo. Na ya tumbo ikanipa furaha ya pekee, retortijones, kutoka kwenye kitenzi cha kupindapinda. Tumbo linasokota Moshi na linasokota Burgos.

26 Aprili

9 kati ya 20. Mvua. Kaka wa Marangu amepata 11, amenipita.

4 Mei

Neno moja limenila wiki nzima: mareo.

Nimelikuta limetafsiriwa kizunguzungu, nimelikuta limetafsiriwa kichefuchefu, nikadhani wameandika ovyo. Kumbe ni vyote. Neno limetoka kwenye mar, bahari, ni ile hali ya mtu aliyelevywa na chombo. Watu wa pwani wanaijua vizuri: ukipanda boti ya Unguja kusi likivuma, kichwa kinazunguka na tumbo linapanda kwa pamoja, nani atazitenganisha?

Lakini mimi lazima nizitenganishe. Tunapowapima wageni jioni tunatumia alama za Lake Louise, zilizopewa jina la mahali Kanada, na toleo la sasa ni la 2018. Maswali manne: kichwa kuuma, tumbo (kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika), uchovu, na kizunguzungu. Kila moja sifuri hadi 3. Jumla ikifika 3 na kichwa kikiwemo, huo tayari ni ugonjwa wa mwinuko. Toleo la zamani lilikuwa na swali la usingizi, likaondolewa, maana huku juu nani analala vizuri? Sasa mgeni akisema "estoy mareada" nami nikaandika alama sehemu moja tu, nimempima vibaya. Anaweza kuwa na zote mbili.

Swali tulilolitengeneza na mama muuguzi: "¿Le da vueltas la cabeza, o tiene ganas de vomitar, o las dos cosas?" Kichwa kinakuzunguka, au unataka kutapika, au vyote viwili? Nimelisema mbele ya kioo mpaka ulimi umelizoea.

Na hiyo "le" ni ya heshima. Kwa mtu mzima usiyemzoea, Kihispania humwuliza kana kwamba anamsema mtu wa tatu. Nilifikiri ni jambo geni mpaka nikakumbuka tunavyoingia kwa wazee: "Bibi anaendeleaje leo?" na bibi mwenyewe ndiye tunayemtazama. Wahispania wengi wakishazoeana hukuambia uwaite "tú", wewe ya kawaida. Wakolombia wengi hubaki na "usted", ile ya heshima, hata nyumbani. Naanza na heshima, wakitaka kuishusha watanishusha wenyewe.

11 Mei

13 kati ya 20.

Ya leo ni fupi lakini imenigusa. Kuna maneno ambayo Kihispania na Kiswahili vimechota kisima kimoja, Kiarabu. Azúcar ni ndugu wa sukari, na Walatini wengi humsema mgonjwa wa kisukari "tiene azúcar", vilevile tunavyosema ana sukari. Jarabe, dawa ya maji ya kikohozi, ni ndugu wa sharubati. Jaqueca, nayo ya Kiarabu, ni kile kichwa cha upande mmoja, kipanda uso. Na hasta imetoka kwenye neno lilelile lililotupa "hata", ile hata ya kizamani yenye maana ya mpaka. "Me duele desde aquí hasta aquí": linauma kuanzia hapa hata hapa. Ni sentensi ya mgonjwa anayeonyesha kwa kidole, na sasa nikiisikia nasikia kama mtu wa Lamu anasema.

Presha: Hispania wanasema tensión, Amerika ya Kusini presión. Ninauliza yote mawili.

18 Mei

Kurasa za hatari. Haya ni maneno ambayo sikio la Kiingereza linayasikia vibaya, na sisi waongozaji wengi tuna sikio hilo kwa sababu ndiyo lugha ya kwanza ya kazi.

Constipado. Nchini Hispania, aliye constipado ana mafua. Kaka wa Marangu amenisimulia kwamba miaka ya nyuma mgeni alimwambia hivyo pale kambi ya Shira, naye kwa nia njema akamletea papai na maji ya moto siku mbili mfululizo ili tumbo lifunguke, huku yule mama anazidi kukohoa. Aliyefunga choo kwao ni estreñido. Lakini sehemu kadhaa za Amerika ya Kusini constipado ni kweli aliyefunga choo! Kwa hiyo neno likitoka, nauliza: nariz au barriga, pua au tumbo?

Embarazada ni mjamzito. Hakuna haya hapo, ingawa linafanana na "embarrassed" ya Kiingereza, aliyeona haya.

Estoy mala, kutoka kwa mwanamke wa Hispania, ni naumwa, na mara nyingine ndiyo namna yake ya kusema yuko hedhini. Wageni wa kike huniambia mimi mambo ambayo hawatamwambia chifu wetu, mwongozaji mkuu, hata wafe, kwa hiyo hili nimelitilia mkazo. "Me ha bajado la regla" nayo ni hiyohiyo. Huku juu hedhi huwakuta wengi bila kutegemea, na mwanamke anayejisikia vibaya siku hiyo anaficha hata kichwa kinachouma kwa kuogopa maswali.

Na intoxicado. Mama muuguzi amesema hii hufundishwa wakalimani wa hospitali, na nimeisoma habari yake. Mwaka 1980 huko Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali hajitambui. Familia yake, watu wa Kuba, walitumia neno "intoxicado". Kwa Mkuba huyo ni mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Waliowasikia walilichukua kwa maana ya Kiingereza, mtu aliyelewa dawa za kulevya, na akatibiwa hivyo. Ukweli ni kwamba alikuwa anavuja damu ndani ya kichwa. Alipooza mikono na miguu. Kesi ilimalizika kwa malipo yanayotajwa kufika dola milioni 71 kwa maisha yake yote.

Nimeifunga simu baada ya kuisoma. Neno moja, na kijana wa miaka 18.

1 Juni

Mwisho wa Mei umepita. 16 kati ya 20, na maswali kumi ninayo mdomoni. Bado sijui kama nitayaweza nikiwa nimevaa glovu, upepo unavuma na mtu analia.

14 Juni, nimerudi kutoka njia ya Machame

Kundi la kwanza: Wahispania watano, Wameksiko wawili. Siku saba.

Siku ya pili kufika Shira, kama mita 3,850, Mhispania mmoja aliketi akasema "tengo agujetas" akapapasa mapaja. Hiyo nilikuwa nayo: ni maumivu ya misuli baada ya kazi, yale ya kushuka ngazi kinyumenyume. Kabla sijajibu, yule dada wa Meksiko alimtazama viatu. Akauliza kwani zimekatika? Kwao Meksiko agujetas ni kamba za viatu. Walieleweshana, na mimi nikachukua kalamu pale pale kwenye jiwe.

Siku ya Lava Tower, mita 4,600 hivi, ndiyo siku ya vichwa. Tunapanda mpaka pale halafu tunashuka kulala Barranco, chini ya 4,000, ili mwili uzoee. Watatu waliumwa. Niliuliza mmoja mmoja: "¿Dónde le duele? ¿Desde cuándo? Del uno al diez, ¿cuánto?" Panauma wapi, tangu lini, kiasi gani kati ya moja na kumi? Walijibu, na nilielewa. Yaani nilielewa! Mmoja alisema kisogoni, la nuca, tangu saa tano, nne kati ya kumi, na amekunywa maji kidogo. Niliandika, nikampa chifu karatasi. Chifu akaisoma akasema, "Sista, hii nitaitaka kila jioni."

Wagumu, wapagazi wetu, nao wamedaka. Mmoja aliyembebea begi yule dada wa Meksiko alikuwa anamwuliza kila kituo "¿Le duele?" naye anajibu "No, no me duele nada", hakuna kinachoniuma, na wote wawili wanafurahi.

Nyongeza kwenye tumbo, kutokana na safari hii na zile sauti: estómago kila mahali, barriga wengi, tripa Hispania, panza Meksiko na Ajentina, guata Chile. Nyongeza kwenye ugonjwa wenyewe: mal de altura au mal de montaña kwa Wahispania, soroche kwa watu wa Peru, Bolivia na Ekwado, apunado kwa Waajentina na Wachile wa kaskazini. Hao wa Andes wana faida, wameujua ugonjwa huu tangu kwa babu zao na wanautaja bila aibu.

20 Julai

Makundi mawili mfululizo, sijaandika. Malengelenge ni ampollas. Kuteguka kifundo, me he torcido el tobillo. Kiungulia ni ardor au acidez, Meksiko agruras. Msuli kukaza, un calambre. Nimechoka, nalala.

17 Agosti

Agosti ndiyo mwezi wa likizo Hispania, na tumewaona. Nataka kuandika usiku mmoja tu, wa Barafu.

Barafu ni kambi ya mwisho kabla ya kilele, kama mita 4,670. Ndipo wanapolala masaa machache kabla ya kuamshwa usiku wa manane kwenda kileleni, ambako hewa ina takriban nusu ya oksijeni ya pwani. Saa kumi na moja jioni nilizunguka tenti na karatasi yangu. Mama mmoja wa Valladolid, mwalimu, mwenye umri kama wa shangazi yangu mdogo, alikuwa amekaa mlangoni kwa tenti. Nikamwuliza, "¿Cómo se siente?" Unajisikiaje?

Akasema, "Regular."

Mwongozaji aliyekuwa pembeni yangu akaandika sawa. Kwa Kiingereza neno hilo ni kawaida, yuko kama siku zote. Mimi mkono ulinisimama. Mama muuguzi alinitumia sauti hiyo Mei, mama yake mzee akiisema kwa sauti ya chini, na niliikosa kwa sababu hiyohiyo. Kwa Mhispania, regular ni si vizuri. Ni namna ya mtu mwenye adabu ya kusema anaumwa bila kusumbua watu. Nilipoikosa ile mara ya kwanza ndipo niliona kwamba na sisi tunayo. Mtu anaulizwa hujambo, anajibu sijambo, anaulizwa habari, anajibu nzuri, halafu ndipo anasema, "Ila..." Na baada ya "ila" ndipo habari yenyewe inapoanza. Anayeondoka kabla ya "ila" hajasalimia mtu.

Nikaketi chini. "Regular, ¿pero...?"

Akaanza kutokwa machozi. Kichwa tangu Karanga, saba kati ya kumi, kinagonga, "me late". Ametapika mara mbili nyuma ya mwamba na kumficha mumewe, kwa sababu safari hii walikuwa wameiwekea akiba miaka mitatu. Nikauliza swali la mareo, akasema las dos cosas. Nikauliza kama hewa inampungukia hata akiwa amekaa, "¿También cuando está sentada?" Hapana. Kikohozi? Hapana. Nikamwomba asimame, atembee mstari ulionyooka, kisigino kiguse kidole: "talón con punta, despacio". Hatua ya tatu akayumba, ya nne akanishika bega. Akasema mwenyewe, "Parezco borracha." Nafanana na mlevi.

Nilimwita chifu. Alama zake tulizijumlisha pamoja, lakini lile la kuyumba lilitosha peke yake, huko ni ubongo unaanza kuvimba na hakuna kusubiri asubuhi. Chifu akasema anashuka sasa hivi. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia, na hilo nilikuwa sijalifanyia mazoezi, nilikuwa nimejifunza kuuliza na kusikia tu. Nikatumia nilichonacho: "Tiene que bajar ahora. Yo bajo con usted." Unapaswa kushuka sasa. Nashuka nawe.

Tulishuka mimi, wagumu wanne na machela ya gurudumu moja, mumewe nyuma yetu. Njiani nilikuwa namwuliza kila baada ya dakika chache, na majibu yalianza kuwa marefu. Tulipofika Mweka Kempu, kama mita 3,100, alikuwa anaongea sentensi nzima, akaomba supu. Asubuhi alitembea mwenyewe hadi getini. Pale alinishika mikono miwili akasema kitu kirefu sana cha Kihispania, na mengi yake sikuyaelewa, hayakuwa maneno ya mgonjwa.

24 Agosti

Nimemsimulia mama muuguzi. Alinyamaza kwenye simu, kisha akaniambia sehemu iliyobaki kwenye daftari langu ni hiyo ya kumweleza mtu habari asiyotaka. Tumeanza leo. "No es culpa suya", si kosa lako. "La montaña no se va", mlima hauondoki. "Abajo se va a sentir mejor", chini utajisikia nafuu. "Aquí estoy", niko hapa. Na "lo siento", ambayo vitabu vingine vinaiandika samahani tu, lakini kwa mtu anayeumia kazi yake ni pole, ile pole yetu ya kweli. Nimefurahi kuipata. Nilidhani sisi peke yetu ndio wenye neno hilo.

7 Septemba

19 kati ya 20. Ile moja ni ya jirani wa Sevilla, alisema akiwa na chakula mdomoni.

Karatasi ya maswali sasa ina nakala nane, kila mwongozaji wa timu yetu anayo, Kiswahili na Kihispania tu. Juu kabisa, kabla ya kichwa, tumbo, uchovu na kizunguzungu, tumeandika: "Regular = anaumwa. Kaa chini, uliza tena." Kaka wa Marangu ameomba tuongeze maneno ya macho, maana theluji ya Agosti imewachoma wageni wawili: me escuecen los ojos, macho yananichonyota. Nimeongeza.

Jumanne tunapanda kwa njia ya Lemosho na watu tisa wa Bogotá. Nitaanza na usted.